Mstari wa Maji

Katika jengo lile la ghorofa nne pale Mishomoroni, lenye maduka chini na ofisi juu, hakuna jiwe hata moja lililowekwa na mkono wa Kache Garama. Hakuchanganya zege, hakukunja chuma, hakupiga plasta. Lakini mtu akiniuliza ni nani aliyelijenga, humtaja yeye kwanza, kisha huwataja mafundi wenzangu, na mwisho kabisa hujitaja mimi, Ngumbao, niliyekuwa foromani, msimamizi wao. Mimi ndiye niliyekaribia kulitia jengo lile ugonjwa ambao ungejulikana wakati nimeshazikwa.

Ninaandika haya kwa sababu shukrani ikikaa moyoni tu haimfikii mwenyewe, na mimi kwa kusema maneno mazuri si hodari. Kwa kugomba ndiyo. Muulize mtu yeyote wa Bombolulu, ninakokaa.

Siku ya kwanza Kache alipofika kazini, kofia nyeupe kichwani na faili kwapani, nilimwona msichana tu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na mtoto anayekwenda shule, lakini kwangu mimi mwenye hamsini na tisa huyo ni msichana.

"Mimi nimejenga tangu mama yako hajaolewa," nikamwambia. "Wewe unakuja kunipima nini?"

"Shikamoo baba," akasema.

Nikashikwa. Mtu akishakuamkia huna budi kuitikia, na ukishaitikia hasira inapungua upende usipende. "Marahaba," nikasema.

"Sikuja kukupima wewe peke yako. Nitawapima wote, na mimi mwenyewe nimo."

Kazi yake ilikuwa hivi. Jengo la biashara haliinuki tu kwa sababu mwenyewe ana simiti na haraka. Udongo unapimwa kabla ya msingi. Vyuma vinakaguliwa kabla ya kumwagiwa zege, na zege lenyewe linapimwa baada ya kumwagwa. Mabomba yanajazwa maji kwa nguvu ili kuonekana kama yanavuja, na nyaya za umeme nazo zina mtu wake. Kila kitu kina afisa wake, ofisi yake na siku yake, na hakuna anayemjua mwenziwe. Kache ndiye aliyewaunganisha wote. Alihakikisha mkaguzi anafika siku ambayo kitu kiko wazi kuonekana, na sisi hatukifuniki kabla hajafika. Kwenye ukuta wa ofisi yetu ya mabati alibandika kalenda kubwa yenye mistari ya rangi tatu, na kila asubuhi alisimama mbele yake na kikombe cha chai kabla hajasema na mtu.

Nilimsikia siku moja akimpigia simu afisa mmoja mara nne. Kila mara alianza kwa salamu, akauliza habari za nyumbani, akauliza mguu wa mamake unaendeleaje, ndipo akasema, "Kesho saa tatu, baba, vyuma vitakuwa wazi." Sauti ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza. Mimi simu ya pili tu ningeshamtukana, na vyuma vingepata kutu vikimngoja.

Lililoniudhi zaidi ni fomu zake. Kache hakumjazia mtu fomu. Kama umefunga vyuma, wewe ndiye utakayeandika umefunga vingapi na kwa nafasi gani, kisha utie sahihi. Alisema mkono uliofanya ndio unaoandika. Tulikuwa na fundi vyuma aitwaye Munga, mtu wa miaka arobaini, hodari sana lakini kalamu ilimtia jasho. Kache alikuwa akikaa naye juu ya rundo la matofali, kimya, mpaka Munga amalize herufi ya mwisho ya jina lake. Mimi nikipita nasema kwa sauti kuwa siku hizi tunajenga shule, si maduka. Kache hucheka, Munga huinama zaidi, na jina huisha kuandikwa.

Sasa nije kwenye maji.

Sisi wa Kisauni huku pwani tunajua kuwa maji ni mawili. Yako ya kisima, ambayo mengi yana chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo. Na yako maji matamu, ya kununua, ya kunywa na kupikia. Mgeni akija kwako humpi ya kisima hata kama ndani hakuna kitu. Utatuma mtu kwa jirani aazime jagi moja la maji matamu, kwa sababu mgeni akinywa chumvi kwako ataondoka na aibu yako.

Pale kazini tulikuwa na kisima nyuma ya kiwanja, na maji yake yalikuwa ya kunawa mikono na kuoshea vifaa tu. Maji ya zege yaliletwa na lori. Sababu ni kwamba chumvi inakula chuma. Nguzo ya ghorofa ina vyuma ndani, na ukichanganya zege lake kwa maji ya chumvi, nje itapendeza lakini ndani vyuma vitaanza kuliwa polepole. Kwa ajili hiyo fomu ya Kache ya zege ilikuwa na mstari mmoja uliosema: Maji yaliyotumika, na yalikotoka. Miezi minne mfululizo niliandika hapo neno moja, lori, bila hata kufikiri.

Jumatatu hiyo tulikuwa na nguzo sita za kumwaga, zile za mbele zinazobeba uzito wa ofisi zote za juu. Kache alikuwa amekwenda Changamwe kupeleka vipande vya chuma maabara. Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa imekwishawashwa, watu ishirini wamesimama na wilibaro zao, na lori la maji likaharibika njiani. Dereva akasema labda jioni, labda kesho. Kontrakta akanipigia simu akaniuliza kama mimi ni foromani au ni mlinzi. Kisha Kache naye akapiga.

"Baba, nimesikia maji hayajafika. Msimwage. Ngojeni."

Alisema kwa adabu kabisa, lakini mimi nilisikia amri. Mtoto wa kike ambaye ni rika la kitindamimba wangu ananiambia ngoja, mbele ya mafundi wanaonitazama. Nikamjibu, "Haya, nimesikia," nikakata simu. Nikawaambia watu wateke maji ya kisimani.

Munga akanitazama. Nikamwambia nyumba zote nilizojenga Kaloleni zimejengwa kwa maji ya kisima na watu wanalala ndani mpaka leo. Sikusema kuwa nyumba zile zilikuwa za chini, kuta za mawe matupu, hazina nguzo wala ghorofa. Nilijua tofauti hiyo. Nilijua vizuri sana, na ndiyo maana nilipiga kelele.

Tulipofika nguzo ya tatu nikakumbuka kyubu. Kyubu ni vipande vya zege vya pembe nne, kiasi cha shubiri kila upande, vinavyotolewa kwenye zege lile lile la kazi na kulazwa kwenye tangi la maji. Baada ya siku saba baadhi hupelekwa maabara vikavunjwe kwa mashine, ili ijulikane zege lina nguvu gani. Vingine hungoja siku ishirini na nane. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu. Nikajiambia: hizi zinakwenda kwa watu. Zinakwenda kusimama mbele ya wageni Changamwe. Siwezi kupeleka chumvi kwa wageni.

Nikachukua maji matamu kwenye pipa la jikoni, nikachanganya kwa mkono wangu zege dogo la pembeni, zuri, nikajaza vile visanduku vya kyubu. Kesho yake alfajiri, kabla mpishi hajafika, nikazitoa kyubu kwenye visanduku na kulimwaga pipa lote lililobaki ndani ya tangi, ili zilale kwenye maji safi. Naapa mbele ya Mungu kuwa wakati ule sikujiona mwizi. Nilijiona mwenyeji aliyepatwa na wageni ghafla.

Selpher ndiye aliyekuwa akitupikia. Ni mama wa kutoka bara, mnyamavu mpaka aguswe jikoni kwake. Alipolifunua pipa akaliona tupu, akaja mpaka niliposimama.

"Mzee, maji ya kunywa imeenda wapi?"

"Imekwisha."

"Pipa mzima? Watu wamekunywa usiku?"

Nikamwambia akoroge chai na alichonacho, lori litakuja. Alichokuwa nacho ni kisima. Akapika. Mafundi wakanywa wakakunja uso, wengine wakamwaga. Kache akafika saa mbili, akaamkia watu wote, akapewa kikombe chake, akasimama mbele ya kalenda. Akanywa funda la kwanza. Akakitazama kikombe. Kisha akanywa mpaka kikombe kikaisha, akamrudishia Selpher na kusema ahsante mama.

Akatoka, akazizunguka zile nguzo sita polepole. Akachungulia tangi la kyubu. Kisha akaniletea fomu.

Nikajaza tarehe, nikajaza simiti mifuko mingapi, kokoto, mchanga. Nilipofika kwenye mstari wa maji, kalamu ikasimama. Kuandika kisima ni kujifukuza kazi. Kuandika lori, mkono ukakataa. Mimi ni mkali, na kwa kiburi Mungu amenijalia, lakini uongo wa kuandika na kutia sahihi sikuwahi kuufanya.

"Huu nitajaza baadaye," nikasema.

"Haya baba," akajibu. "Jumanne ijayo Injinia Clifford anakuja kukagua kabla ya slabu. Mpaka hapo fomu iwe imekamilika." Akaiweka kwenye faili yake bila kuniuliza neno jingine.

Injinia Clifford ndiye aliyechora nguzo zile na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Akitia sahihi, tunamwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa inayofuata, juu ya nguzo, na zikishabeba slabu hakuna tena wa kuzitoa. Kwa hiyo nilikuwa na siku saba. Ama niseme kabla ya Jumanne, nipoteze kazi na jina nililolijenga miaka thelathini na tano, ama ninyamaze, na watu waje kufungua maduka yao chini ya nguzo zinazoliwa ndani kwa ndani.

Sikumbuki wiki mbaya kama ile. Niligomba na mafundi, nikagomba na muuza mihogo, nikagomba na kanisa zima kwa sababu kwaya ilichelewa kuanza. Usingizi ulikuja vipande vipande. Kila asubuhi Kache alinijia na faili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Anaifungua fomu, anaona mstari uko wazi, anaifunga. "Bado siku tano," anasema. Kesho yake, "Bado siku nne." Hakukunja uso hata siku moja. Ningependa angekunja, nipate sababu ya kugomba naye.

Wakati huohuo maseremala walikuwa wakipandisha mbao za slabu, na mimi nilikuwa nikiwaangalia kwa moyo mzito. Jumatatu majibu ya kyubu za siku saba yakarudi kutoka maabara. Yalikuwa mazuri kupita yote tuliyowahi kupata. Kontrakta akapiga simu kunipongeza. Mafundi wakanipigia makofi, na Munga, ambaye alikuwa na ndoo ya kisima mkononi siku ile, hakupiga. Alinitazama tu, kisha akaendelea kukunja chuma. Niliingia ofisini nikamkuta Kache akiyasoma majibu yale, na uso wake haukuwa na furaha yoyote.

"Ni mazuri," nikasema.

"Ni mazuri sana," akasema. "Bado siku moja, baba."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejificha mpaka nimechoka. Jumanne nilifika kazini kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kache alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la Selpher, faili mapajani, kama mtu anayemngoja mgonjwa. Sikumpa nafasi ya kuniamkia.

"Nipe hiyo fomu."

Nikaandika: Maji ya kisima cha hapa kiwanjani. Nguzo zote sita. Nilijua. Nikatia sahihi, nikamrudishia. Yeye akaisoma taratibu, kama alivyokuwa akisoma za Munga.

"Ahsante baba," akasema. "Na kyubu?"

"Kyubu ni maji matamu. Nilizichanganya mbali."

Akafikicha macho. "Hukuhitaji. Zege la chumvi likivunjwa linaonekana lina nguvu vilevile. Mashine ya kyubu haioni chumvi. Chumvi inakuja kuonekana miaka mingi baadaye, vyuma vikivimba na nguzo kupasuka."

Nikakaa chini kwenye mchanga. Kumbe hata uhodari wangu wa kuficha ulikuwa wa bure. Nilianza kucheka, na sijui kwa nini macho yalijaa machozi. Selpher akaniletea chai, safari hii tamu, na akaniacha.

"Injinia utamwambia wewe mwenyewe," Kache akasema. "Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Injinia Clifford alifika saa tatu kamili. Nikamweleza mbele ya nguzo zenyewe, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua fomu, akaisoma, kisha akamgeukia Kache na kumwuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

"Wewe umejua lini?"

"Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi," Kache akajibu. "Kwenye chai."

Injinia akauliza chai gani, naye akaeleza: chai ilikuwa ya kisima, na jikoni hakuna anayepika kwa kisima kama pipa lina maji. Pipa halikunywewa usiku, na tangi la kyubu lilikuwa na maji mapya, safi. Lori lilikuwa halijafika, na nguzo zilikuwa zimesimama. Mtu aliyekulia kwenye biashara ya maji haimchukui muda kujua. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi tatu. Ya kwanza ni majibu ya maabara ya maji ya kisima chetu, aliyoyapeleka mwenyewe siku iliyofuata kwenye chupa ya soda. Ya pili ni ilani aliyompa kontrakta siku ile ile ya chai, kwamba slabu isimwagwe kwa hali yoyote mpaka fomu ya nguzo ikamilike. Ya tatu ni barua kwa Injinia, ya kueleza kila kitu, yenye jina langu ndani, iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Ile ya tatu akaichana mbele yetu.

"Ningekupa hii saa tatu," akasema. "Sasa haina kazi."

"Ulikaa na habari hii siku saba," Injinia akasema.

"Ndiyo. Nguzo zilikuwa haziendi popote. Hakuna kilichowekwa juu yake isipokuwa mbao, na mbao zinashuka. Na siku ya kumwaga sikuwapo nilipotakiwa kuwapo. Hilo nimeliandika pia kwenye ripoti yangu, ukurasa wa pili."

Injinia alikasirika, na sikumlaumu. Alimpa Kache barua ya onyo. Mimi nilivuliwa uforomani mpaka kazi ile iishe, lakini sikufukuzwa, kwa sababu kwenye ripoti ya Kache, mstari wa kwanza kabisa, kulikuwa na maneno haya: Msimamizi amesema mwenyewe kabla ya ukaguzi. Injinia aliyasoma mara mbili, akakohoa, akasema mtu aliyesema mwenyewe ndiye atakayevunja mwenyewe.

Nikavunja. Mbao ziliteremshwa, nami nikashika nyundo kubwa pamoja na Munga na wengine wawili, siku sita, nguzo moja kila siku. Mtu wa miaka hamsini na tisa, foromani wa jana, anapiga zege lake mwenyewe mpaka chuma kinaonekana. Siku ya kwanza niliona aibu. Siku ya tatu nililala usingizi mzito, usiku mzima, bila kuamka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Munga aliniambia, na tangu lini Munga ananiambia methali, lakini nilimshukuru.

Siku ya nguzo ya mwisho Kache alikuja kukaa karibu yangu nikipumzika. Ndipo nilipomwuliza.

"Kwa nini hukusema siku ile ile? Ungeniokolea wiki nzima, na wewe usingepata onyo."

Akanisimulia. Mama yake alikuwa na kibanda cha maji Utange, na Kache alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu kabla ya shule. Alizijua ladha za visima vyote vya pale, kila kimoja na chumvi yake. Akiwa na miaka kumi na mmoja, siku ya uhaba, aliongeza maji ya kisima kwenye dumu la maji matamu la jirani mmoja mjamzito, kwa sababu mfereji ulikuwa umekatika na alichoka kungoja. Mama yake hakusema kitu. Siku nzima alimpa kazi ndogondogo, akampa chakula, akamsuka nywele. Jioni Kache akashindwa, akaenda mwenyewe hadi kwa jirani akabisha hodi, akasema. Aliporudi akamkuta mama yake mlangoni na dumu jipya limeshajazwa, tayari kupelekwa.

"Alijua tangu asubuhi," Kache akasema. "Kama angenichapa saa mbili, ningekumbuka fimbo. Alinipa mpaka jioni, na dumu alikuwa nalo. Jirani hakunywa yale maji, mama alikuwa ameshakwenda kumwambia kwa siri asiyaguse."

Nilifikiri kuhusu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, anamsuka mtoto wake nywele na huku moyo unamwuma, akingoja. Na kuhusu huyu binti yake, aliyekunywa kikombe kizima cha chumvi bila kukunja uso ili asiniaibishe mbele ya mafundi wangu. Nilitaka kumwambia ahsante, likanitoka neno jingine. Nikamwambia, "Nenda kazini kwako, mkaguzi wa mabomba anakungoja." Akacheka, akaenda.

Nguzo mpya zilimwagwa kwa maji ya lori. Kyubu zake nilizichukua mimi, kutoka wilibaro ya tatu ya kila nguzo kama fomu inavyosema, na Kache alisimama pembeni. Majibu yalikuwa ya kawaida tu, hayakupigiwa makofi na mtu. Jengo liliisha, maduka yakafunguliwa. Moja ni la vyombo, jingine ni saluni, na katikati kuna duka la dawa. Nikipita pale huwa naigusa ile nguzo ya kona kwa kiganja. Mwenye saluni anadhani nimechanganyikiwa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, simu ikalia. Ni Kache. Amepata kazi ya kuratibu vipimo vya jengo la benki na maghala huko Likoni, na wanatafuta foromani.

"Mimi?" nikamwuliza. "Kuna vijana."

"Nimewaambia nina mtu ambaye mstari wa maji anaujaza mwenyewe," akasema.

Mke wangu akaninyang'anya simu akasema nitakuja.

Wiki ya tatu Likoni, siku ya kumwaga nguzo za kwanza, lori la maji likachelewa. Mashine ilikuwa inanguruma, watu thelathini na wilibaro, na kisima kiko hatua kumi tu. Kontrakta mwingine, maneno yale yale: wewe ni foromani au ni mlinzi? Nikazima mashine. Nikawaambia watu thelathini wakae kivulini, na anayetaka kugomba aje agombe na mimi, nina uzoefu. Ikafika saa saba, lori bado, na watu wamekaa. Kache alikuwa amevuka kivuko kwenda mjini kwa maafisa, na sikumpigia simu, wala yeye hakunipigia.

Aliporudi alitukuta tumekaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Selpher, ambaye nilikuwa nimemleta mimi, akapewa kikombe chake. Akanywa funda la kwanza akiwa amesimama, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. Kisha akaketi kwenye benchi karibu yangu na kumwomba Selpher amwongezee.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. Safari hii neno lilitoka.